Kitengo cha Kujuliana Hali

Ipo nchi iitwayo Shwari. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani, na akiona inafanana na nchi anayoijua, hilo ni lake na nchi yake. Hapa hakuna aliyesema kitu. Yanayosimuliwa ni yaliyompata Mzee Mbaruku Shekiondo wa mtaa wa Kigamba, mkaguzi mstaafu wa mizani, aliyemwoza binti yake katikati ya msiba usio na maiti.

Mzee Shekiondo alikuwa mtu wa shaka. Si tabia aliyojichagulia. Ukiumaliza ujana wako ukichungulia chini ya mizani za wauza sukari, ukitafuta sumaku na vipande vya risasi, unastaafu huamini hata uzito wako mwenyewe. Alimpenda sana mkewe, Bi Hadia, lakini chai ikiletwa alitazama kwanza kikombe chake, kisha cha mkewe, akapima kwa macho. Bi Hadia alishazoea. Siku nyingine alimjazia kupita kiasi kusudi, apate kumwona anavyohangaika kutafuta sababu.

Basi mtu kama huyo ndiye aliyeletewa ruta. Wizara ya Mawasiliano na Utulivu iliitundika katika kila sebule ya Shwari: kisanduku cheupe chenye pembe mbili, na humo ndimo ulimopaswa kutoka mtandao wote wa nyumba, wa simu na wa televisheni. Simu za kwenda nje ya nchi zikafutwa siku ileile, kwa kuwa sasa mtandao upo. Na kweli ulikuwepo, kama mvua inavyokuwepo wakati wa kiangazi: ipo, ila haijanyesha.

Kila mtandao ulipokaribia kutengemaa, lilikuja sasisho. Sasisho, Wizara ilieleza, ni ruta kuvuliwa akili yake ya zamani na kuvishwa mpya kutoka makao makuu, bila kumsumbua mwananchi kwa kumwomba ruhusa. Shughuli yenyewe huchukua muda mfupi, na Wizara haikuacha neno hilo lielee: muda mfupi ni muda wowote usiozidi kipindi kimoja cha uongozi.

Isidhaniwe kwamba Wizara haikuwasikiliza watu. Walipolalamika kuwa taa nyekundu ya ruta inawaka mchana kutwa na kuwatia simanzi, lilikuja sasisho la kuondoa taa nyekundu; tangu hapo ruta ikifa inawaka kijani. Walipolalamika kuwa picha zinakwama, lilikuja sasisho la kuweka, pale zinapokwama, picha ya Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Kingalame, akitabasamu. Baada ya hapo malalamiko yalipungua sana, kwa sababu yalitakiwa yatumwe kwa mtandao.

Yote hayo Mzee Shekiondo angeyameza, kama si Zawena.

Zawena alikuwa binti yake wa pekee, muuguzi katika nchi ya baridi. Alichumbiwa huko na kijana wa watu wa Shwari waliohama zamani, na mnawajua waliohama: wameshika mila kuliko tuliobaki nazo. Kwao posa haikamiliki mpaka baba wa binti aulizwe mbele ya wazee, uso wake ukionekana, naye ajibu kwa kinywa chake mwenyewe ndiyo au siyo. Barua hawakuitaka; barua, walisema, huandikwa na yeyote. Zawena alimpenda yule kijana, tena si kwa jana wala juzi, na baba mtu alijua, ingawa kina baba hujifanya hawajui mambo hayo.

Siku ya kuulizwa ilipofika, Mzee Shekiondo alivaa suti aliyoagwa nayo kazini, akakaa mbele ya simu. Wazee wa upande wa pili wakajipanga. Ami yake bwana harusi, Bwana Tamimu, akakohoa, akauliza, "Bwana Shekiondo, mwanetu ametaka kuoa kwako. Umeridhia?"

Mzee alivuta pumzi, akafungua mdomo. Sasisho likaingia.

Upande wake alimwona Mheshimiwa Kingalame akitabasamu. Upande wa pili walimwona yeye, amekwama nyusi moja juu na mdomo umepinda, kama mtu aliyeonjeshwa maziwa yaliyoharibika. Walimtazama hivyo kwa subira mpaka wakamaliza chai. Siku kadhaa baadaye ujumbe mmoja wa Zawena ukapenya: *Baba, kwa nini uliwafanyia vile? Wamesema watakuuliza mara moja tu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ukiwakunjia uso tena wataondoa posa.*

Mzee alisoma ujumbe ule, akampa mkewe, akaenda kukaa uani peke yake. Iliuma. Akaapa kwamba kuna mkono wa mtu.

Kila baada ya sasisho, Wizara ilipiga simu nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ilikuwa ya Kitengo cha Kujuliana Hali, na hakuna aliyeweza kukisema vibaya, maana wasichana wake walikuwa na adabu ya kupigiwa mfano.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo."

"Habari za mtandao?"

"Nzuri, ila..."

"Tunashukuru sana, baba. Uwe na siku njema."

Wiki iliyofuata, Waziri alisema redioni kwa sauti ya mtu aliyekwisha kula: "Ndugu wananchi! Wapo maadui wa maendeleo, hao nawajua, na hata wanakolala nakujua, wanaonong'ona eti mtandao ni mbovu. Tumewauliza wananchi wote, nasema wote, na wote kwa kauli moja wamesema mtandao ni mzuri. Kama wako haushiki, ndugu yangu, jiulize una nini wewe."

Mtaa mzima wa Kigamba ulisikiliza hotuba ile, kila nyumba imefunga mlango wake, na kila nyumba ikajiuliza ina nini.

Mzee Shekiondo hakujiuliza yeye ana nini. Alijiuliza wenzake wana nini. Ikiwa mtandao upo na kwake haupo, basi uko kwa mtu, na aliyepata zaidi amepunja mwingine. Alimwita rafiki yake, Bwana Mkumba, tarishi wa zamani wa posta, wakakaa kwenye kibaraza wakiupekua mtaa kwa macho.

"Mwenzangu," alisema Mzee, "wako unashika?"

Bwana Mkumba alitazama pembeni. "Unashika shika."

"Unashika, au unashika shika?"

"Bwana Shekiondo, mbona unanihoji kama mwizi wa kuku? Mtazame Mama Shukuru. Kila mchana anacheka mwenyewe humo ndani. Mtu asiye na mtandao atacheka nini?"

Machale yakamcheza Mzee. Ni kweli, mjane yule wa nyumba ya pili alikuwa akicheka, tena kicheko cha kushika mbavu. Wazee wale wawili, watu na heshima zao, wakaenda kutega masikio kwenye ukuta wa mjane mchana kweupe. Wakamsikia: "Haa! Eti nini? Hebu irudie hiyo! Haa haa!"

"Umesikia?" alinong'ona Bwana Mkumba. "Anarudiarudia mavideo. Sisi tunasaga meno, yeye anarudia."

Mzee hakuvumilia. Alibisha hodi na kuingia karibu kabla hajakaribishwa. Mama Shukuru alikuwa amekaa mkekani, simu mbele yake imezima ti, mdomo bado uko wazi kwa kicheko.

"Unacheka nini, Mama Shukuru?"

Yule mama aliwatazama, akaufumba mdomo taratibu, machozi yakamlengalenga. "Mlitaka nifanyeje? Redio imesema wote mnao. Nionekane mimi peke yangu ndiye niliyenyimwa? Nimemkosea nani?"

Bwana Mkumba alikaa chini bila kuambiwa. "Hata mimi sina," alisema. "Tangu kipindi cha mvua."

"Wale wasichana walipokupigia," Mzee alimuuliza mama, "ulisemaje?"

"Nilisema nzuri, ila..."

"Na wewe, Mkumba?"

"Nzuri, ila."

Walitazamana. Ndiyo desturi, na nani asiyeijua? Mtu wa Shwari nyumba yake ikiungua, ukimuuliza habari atakwambia nzuri kwanza, kisha atakuomba ndoo. Neno la kwanza ni la adabu. La pili ndilo habari yenyewe. Kitengo cha Kujuliana Hali kilikuwa kikichukua la kwanza na kukata simu.

Kesho yake Mzee Shekiondo alikwenda Wizarani. Alipokewa na Mkurugenzi Msaidizi wa Majibu, Bwana Mpelembwa, mtu mnene mwenye meza kubwa isiyo na kitu juu yake. Bwana Mpelembwa alimsikiliza mpaka mwisho, akabonyeza kitufe, na sauti ya Mzee ikajaa chumbani: *Nzuri.*

"Ni sauti yako hiyo, au tumekusingizia?"

"Ni yangu, mwanangu, lakini nilisema 'ila'."

"Hizo ila zenu, mzee wangu, tungezipenda kuzisikiliza. Tatizo ni kwamba Kurugenzi ya Ila haijapata jengo." Aliegemea kiti. "Hebu tuwe wakweli. Ukiwa na homa, mtu akakuuliza habari, unajibu nini?"

"Nzuri."

"Basi ukiamua kumdanganya mtu ana kwa ana, usiilaumu Serikali kwa kukuamini."

Hasira ilimpanda Mzee mpaka masikio yakawasha. "Na mtu akisema mbaya?"

Kwa mara ya kwanza Bwana Mpelembwa alikaa wima. "Mbaya? Moja kwa moja? Hajatokea, mzee. Utaratibu upo, uliandikwa na wataalamu, lakini haujapata kutumika." Kisha akainamisha kichwa, akamtazama Mzee kwa jicho la pembeni. "Kwa nini unauliza?"

"Nilikuwa nauliza tu."

Alitoka pale akiwa na hakika kwamba anafuatwa. Kwenye kona alisimama ghafla akageuka. Hakukuwa na mtu, jambo lililomtia shaka zaidi.

Ijumaa, mkesha wa siku ile ya kuulizwa, ruta ilitoa mlio mdogo, na Mheshimiwa Kingalame akatabasamu kwenye kila simu ya Kigamba. Sasisho jipya. Bi Hadia alikaa kitako sakafuni na kushika tama. Jumamosi asubuhi simu ya Wizara ikalia. Mama Shukuru na Bwana Mkumba walikuwa wamekuja kungoja nao, na kila mtu alijua Mzee anakusudia nini.

"Baba Zawena," mkewe alimsihi, "usilitamke neno hilo ndani ya nyumba hii. Unatuitia mkosi."

"Mkosi upo ukutani, Mama Zawena. Una pembe mbili."

Akapokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo."

"Habari za mtandao?"

Adabu yote aliyofunzwa na mama yake ilimtaka aseme nzuri. Akafumba macho.

"Mbaya."

Upande wa pili yule msichana akaanza kulia. "Jamani! Pole, baba! Poleni sana! Nani ametutoka?"

"Hapana mwanangu, sikiliza..."

"Usijikaze, baba. Kaa chini. Wanakuja." Akakata.

Huo ndio uliokuwa utaratibu. Wataalamu walipokaa kuuandika walijiuliza ni lini mtu wa Shwari aliulizwa habari akajibu mbaya, wakakumbuka kwamba ni pale tu panapokuwa na maiti ndani, tena maiti wa karibu. Kwa hiyo jibu la mbaya lilipelekwa moja kwa moja Idara ya Misiba.

Chai ilikuwa haijapoa yalipowasili malori. Turubai likatandazwa uani, viti vikashushwa, masufuria yakatinga motoni. Likaja basi la kina mama wa kulia, wakashuka wakiwa wameshaanza. Wakaja majirani wa mitaa ya mbali wasiomjua mtu, maana msiba haukaribishwi. Na nyuma ya wote likaja gari kubwa jeupe la matangazo, lenye sahani ya setilaiti juu ya paa, kwa kuwa Mheshimiwa Waziri alikuwa anakuja kutoa pole na pole ya Waziri hutangazwa moja kwa moja nchi nzima na ng'ambo.

Fundi wa gari lile aliwasha mtambo wake. Hapo ndipo Kigamba ilipopata mtandao.

Ulikuja wote kwa mpigo. Kila simu iliyokuwa pale ikaanza kupiga kelele mifukoni, vifuani na ndani ya vikapu: salamu za sikukuu zilizokwisha pita, picha za watoto ambao sasa walikuwa wakitembea, habari ya harusi ambayo wenyewe walishaachana. Bwana Mkumba aliona ujumbe wa kaka yake akisema anaumwa, na chini yake mwingine akisema amepona, akalia kwa vyote viwili. Waliaji wa Serikali walinyamaza kidogo, wakaona wanapitwa, wakaongeza sauti.

Katika mvurugo huo simu ya Bi Hadia ikaita. Alikuwa Zawena, amefunga kilemba cha njano, na nyuma yake wazee wamejipanga.

"Mama! Mbona kuna turubai? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mwanangu. Usikate. Kwa jina la aliyekuumba, usikate!" Bi Hadia akapenya kati ya watu, simu ameinyanyua juu, akamfuata mumewe.

Mumewe alikuwa ameshasimamishwa mbele ya kamera, bega kwa bega na Mheshimiwa Dakta Kingalame, ambaye kwa karibu alikuwa mfupi kuliko tabasamu lake.

"Ndugu wananchi," Waziri aliunguruma, "kifo ni kifo, lakini kifo kinachotokea chini ya uongozi imara si sawa na vifo vingine! Serikali ililia kabla ya wafiwa. Mzee wangu, marehemu yuko wapi tukamwone?"

"Ukutani, Mheshimiwa."

Waziri alichungulia sebuleni. Aliiona ruta.

"Lakini inawaka kijani," alisema.

"Ndiyo maana tumechelewa kujua."

Watu walitaka kucheka, wakakumbuka wapo mbele ya nani. Waziri hakukawia, maana hakupata uwaziri kwa kuzubaa. Alimkumbatia Mzee kama mfiwa, akamnong'oneza sikioni bila kuacha kutabasamu: "Gari lile nikilipungia mkono linaondoka. Nimemwona mkeo ana mtu kwenye simu. Tuelewane." Kisha akamwachia, akageukia kamera. "Mzee wetu, taifa zima linakutazama. Waambie kwa kinywa chako. Mtandao wa Shwari ni mzuri, ndiyo au siyo?"

Na papo hapo, kutoka kwenye simu iliyokuwa mkononi mwa Bi Hadia, ikasikika sauti ya Bwana Tamimu: "Bwana Shekiondo, tunakuona vizuri. Kabla hamjapotea tena, tunakuuliza kwa mara ya mwisho. Umeridhia, ndiyo au siyo?"

Mzee Shekiondo alijua anachofanyiwa. Alikuwa amekifukuza kidole cha mpunjaji juu ya mizani maisha yake yote, na sasa alikiona waziwazi, kina pete. Alijua pia kwamba Wizara itachukua neno moja na kukata. Aliwaona majirani zake, Mama Shukuru na Bwana Mkumba mbele, wakimtazama kwa matumaini, kwa sababu ndiye mtu wa kwanza katika nchi ile aliyewahi kusema mbaya. Kisha akamtazama mwanawe. Zawena hakuwa anatazama turubai wala Waziri. Alikuwa anautazama mdomo wa baba yake.

"Ndiyo," akasema.

Vigelegele vikalipuka kwenye simu. Makofi yakalipuka chini ya turubai, yakiongozwa na Waziri. Zawena alikuwa amejifunika uso kwa viganja, mabega yanamtikisika, na Bwana Tamimu alikuwa anainuka kusema neno la kheri pale Mheshimiwa alipopunga mkono. Gari jeupe likawasha injini. Vigelegele vikakatika katikati. Kwenye simu ya Bi Hadia, Waziri akabaki akitabasamu.

Ndoa ilifungwa, hilo Mzee aliamini, ingawa hakuiona. Neno lake nalo lilifanya kazi yake. Redio ililirusha asubuhi na jioni: swali la Waziri, kisha sauti ya Mzee Shekiondo, ndiyo. Kwenye barabara kuu likawekwa bango lenye uso wake. Hakuna aliyeweza kusema ametiwa maneno kinywani, kwa sababu alilisema.

Kigamba haikumtukana. Ingekuwa nafuu kama ingemtukana. Walikuja mmoja mmoja na sahani zilizofunikwa, wakakaa kidogo, macho yakienda ukutani kwenye ile taa ya kijani. "Tugawie basi, mzee," Mama Shukuru alimwambia siku moja, akijaribu kutabasamu. "Mtandao hauishi kwa kugawana." Alimwapia kwamba hana, kwamba kwake ni kama kwao. Mama Shukuru alitikisa kichwa kwa upole, akachukua sahani yake na kilichokuwamo. Bwana Mkumba aliacha kuja kibarazani. Akiwaona Mzee na Bi Hadia wamekaa uani kimya, alijua wanamngoja apite ndipo waendelee kuongea na mtoto wao.

Hatimaye walikutana uso kwa uso dukani, mbele ya watu. Bwana Mkumba hakuwa mtu wa chuki. Alishindwa kumpita rafiki yake bila neno, akamuuliza anayoulizwa kila mzazi.

"Zawena hajambo huko kwa mumewe?"

Duka zima likatega masikio. Mzee Shekiondo alifungua mdomo, na jibu la adabu lilikuwa tayari ulimini mwake. Hakulisema. Alisimama pale akikumbuka mabega yanayotikisika na kilemba cha njano; tangu siku ile hakuwa amesikia lingine lolote.

"Sijui," alisema.

Hakuna aliyemwamini.